Sabuni, dirisha au ruhusa ya kubaki nyumbani: shule ianze na lipi kuzuia homa ya mafua?

Shule zinapofunguliwa mwezi wa saba, huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania baridi bado haijabanduka. Watoto wanaingia na masweta, wanafunga madirisha, wanabanana watatu dawati moja, pengine wanne, na wiki mbili hazipiti daftari la mahudhurio linaanza kuwa na mapengo. Anaanza mmoja wa karibu na mlango. Keshokutwa wanafuata wawili wa dawati lake. Wiki ya pili hata mwalimu wa zamu amekaukwa sauti.

Nimekuwa mwalimu wa afya wa shule ya msingi kwa miaka kadhaa, na kila msimu huo ukifika swali kwenye kikao ni moja: tununue nini? Mmoja anataka vitakasa mikono. Mwingine anataka ndoo zenye koki. Mwingine anasema watoto wavae barakoa kama wakati wa korona. Mjumbe wa kamati ya shule naye ameambiwa na ndugu yake aliyeko Uingereza kwamba huko watoto wanapuliziwa chanjo puani, anauliza kwa nini wetu wasipate.

Maswali yote ni ya haki, lakini fedha hazitoshi yote. Katika mpango wa elimu bila ada ulioanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ya serikali ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Zilizobaki ndizo chaki, mitihani, ukarabati na mengine yote. Kwa hiyo lazima kuchagua, na ndiyo maana nimeyaweka haya mambo mawili mawili, moja kando ya lingine, nikisema wazi ningeshika lipi na kwa nini.

Tunapambana na nini hasa

Neno letu "mafua" linabeba magonjwa mawili kwa mpigo. Mafua ya kawaida yanaleta kamasi, chafya na koo kuwasha, ila mtoto bado anacheza. Homa ya mafua, ile inayoletwa na kirusi cha influenza, inamwangusha ghafla: homa kali, kichwa, mwili kuuma, kikohozi kikavu, chakula hataki. Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya 2. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla hajajijua, na huendelea siku 5 hadi 7 baada ya kuugua. Watoto wadogo huenda zaidi ya hapo.

Kirusi kina njia tatu. Ya kwanza ni matone ya chafya na kikohozi yanayomrukia aliye karibu. Ya pili ni chembe ndogo zinazobaki zikielea katika chumba kisichopitisha upepo. Ya tatu ni mikono: inagusa kamasi, kisha kitasa, kisha jicho au pua. Juu ya chuma au plastiki kirusi hiki kinaweza kudumu saa 24 hadi 48, juu ya nguo na karatasi ni pungufu ya hapo, na juu ya ngozi ya mkono ni dakika chache tu. Lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hakai dakika nzima bila kujishika pua, dakika chache ni nyingi.

Nimeanza na hili kwa sababu kila kifaa tunachogombania kwenye kikao kinaziba njia moja, mara chache mbili. Anayewaambia kwamba ndoo peke yake au barakoa peke yake inamaliza kazi, msimsikilize.

Maji na sabuni, au vitakasa mikono?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua shule ya wanafunzi 600. Tuseme kila mmoja asafishe mikono mara nne kwa siku: akifika, baada ya chooni, kabla ya uji, na baada ya michezo. Kitakasa mikono kinachotosha kulowesha viganja vyote viwili mbele na nyuma ni kama mililita 3. Ukizidisha, ni lita 7.2 kwa siku. Mwaka wa masomo wa siku 194 utakunywa karibu lita 1,400. Sijui shule ya serikali yenye fungu la namna hiyo. Kinachotokea ni kwamba zinanunuliwa chupa kumi, zinawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na wanazitumia wageni.

Sasa maji. Ukikadiria robo lita kila mara mtoto anaponawa, ni lita 600 kwa siku, yaani madumu 30 ya lita 20. Shule yenye bomba hiyo si shida. Shule inayochota mtoni, madumu 30 yana mtu wa kuyabeba, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Ndiyo maana kwa shule zisizo na bomba napenda kibuyu chirizi kuliko ndoo yenye koki. Dumu la lita 5 lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Maji yanachuruzika kidogo kidogo, hayamwagiki kama ya koki iliyoachwa wazi, na mtoto hashiki kitu kwa mkono, anatumia mguu. Koki ya ndoo inafunguliwa na mkono mchafu kisha inafungwa na mkono ule ule uliokwisha kunawa. Kasoro ya kibuyu chirizi ni kwamba kamba hukatika na kijiti huliwa na mchwa, kwa hiyo kila darasa liwe na kiranja wa kukiangalia, la sivyo mwezi wa pili kinabaki kigingi kitupu.

Je, kunawa kunazuia homa ya mafua kweli, au tunazungumzia kuhara tu? Mwaka 2008 watafiti walifuatilia shule 60 za msingi jijini Cairo, Misri. Baadhi zilipewa kampeni kali ya kunawa kwa sabuni, watoto wakinawa angalau mara mbili kwa siku ya shule, nyingine zikaendelea kama kawaida. Katika shule zilizonawa, wagonjwa wa influenza waliothibitishwa maabara walipungua kwa asilimia 50, na utoro wa kuugua macho mekundu ukapungua kwa asilimia 67. Hili la macho nalitaja kwa makusudi. Dar es Salaam inakumbuka mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024. Sabuni ile ile inafanya kazi mbili.

Vitakasa mikono navyo vimepimwa. New Zealand waliviweka madarasani katika shule, kisha wakazilinganisha na shule nyingine ambazo hazikupewa, jumla shule 68, na zote zilikuwa zimefundishwa usafi wa mikono. Utoro wa kuugua haukupungua. Pittsburgh, Marekani, shule 10 zilijaribu kitakasa pamoja na mafunzo ya kukohoa kwa adabu. Influenza kwa ujumla wake haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, ingawa aina ya A ilipungua karibu nusu. Mimi nasoma hivi: palipo na maji na sabuni, kitakasa kinaongeza kidogo sana.

Mahali pake papo. Gari la shule. Darasa la awali lililo mbali na maji. Mwalimu anayempangusa mtoto kamasi. Kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 60 na lebo inayosema hivyo, kwa maana vingi vya mitaani ni maji ya rangi na manukato. Kikae mbali na moto na mbali na watoto wadogo, wapo wanaokinywa. Na kisitegemewe kwenye mikono yenye tope. Mtoto aliyetoka kucheza mpira uwanjani ni wa sabuni.

Kuhusu sabuni ya kipande kuibiwa, tiba tuliyoiona ikifanya kazi ni maji ya sabuni. Tia sabuni ya unga kidogo katika chupa ya lita moja na nusu, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko. Hakuna anayeona thamani ya kuiba chupa hiyo, na pakiti moja inakwenda mbali. Chupa iwekwe mlangoni pa darasa pia, isiishie chooni tu. Kwa kuhara, choo ndipo mahali penyewe. Kwa mafua, mtoto anahitaji kunawa baada ya kupenga kamasi na kabla ya kula, na hayo hayafanyiki chooni.

Dirisha wazi, au barakoa?

Barakoa inazuia, sina ubishi na hilo. Swali ni kwa nani na kwa muda gani. Barakoa ya kitambaa inataka kufuliwa kila siku, na mtoto mwenye sare moja hana barakoa tatu. Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto lazima aone midomo ndipo ajifunze sauti. Mwaka 2020 niliona kwa macho yangu watoto wakibadilishana barakoa wakati wa mapumziko kwa kupendezewa na rangi. Kwa walio chini ya miaka mitano, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri wasilazimishwe hata wakati wa korona.

Kwa hiyo barakoa ningeziweka chache, safi, kwa kazi tatu: mtoto aliyeanza kukohoa akisubiri mzazi amfuate, mwalimu au matroni anayemhudumia, na mwalimu mwenye mafua mepesi ambaye hana wa kumshikia kipindi.

Dirisha ni bure. Madarasa yetu mengi yalijengwa na madirisha pande zote mbili za urefu ili upepo uingie huku utokee kule. Mchoraji wa zamani alijua alichofanya. Sisi ndio tuliyaziba. Katika shule yetu darasa moja lilikuwa na lundo la madawati mabovu limeegemezwa madirisha yote ya nyuma, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Tuliyaondoa kwa saa moja, walimu wawili na wavulana wa darasa la saba. Upepo huo huo unasaidia pia dhidi ya kifua kikuu, ugonjwa ambao hakuna kunawa mikono kunakouzuia.

Mzazi atasema: mtoto atapigwa na baridi aumwe. Baridi peke yake haizai kirusi. Ni kweli kwamba hewa ya baridi na kavu inakisaidia kidumu zaidi, lakini kinachotuumiza hasa ni kujifungia. Mtoto aliyevaa vizuri penye upepo yuko salama kuliko mtoto aliyejibana na wenzake 80 katika joto la pumzi zao. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na sote tunajua hali halisi katika shule nyingi.

Hapa kuna kanuni moja ya shule inayofanya kazi kinyume na afya. Tunakataza sweta au jaketi lisilo la rangi ya sare. Mtoto ambaye mzazi wake hajamudu sweta ya kijani anavuliwa jaketi lake getini, anaingia darasani anatetemeka, na jambo la kwanza analofanya ni kufunga dirisha. Mwezi wa sita hadi wa nane, mwacheni avae chochote chenye joto, ndipo mtaweza kuwaambia wote waache madirisha wazi. Kama asubuhi ni kali mno, fungueni ya juu tu, kisha yote kwa dakika kumi kila kipindi kinapobadilika. Somo la kuimba na la kusoma kwa sauti lipelekwe nje, chini ya mti, jua likishachomoza vizuri.

Na jambo moja ambalo wakuu wa shule hulifanya kwa nia njema: mwalimu akiugua, mikondo miwili inaunganishwa katika chumba kimoja. Katika msimu wa mafua hilo ndilo baya kuliko yote. Afadhali mkondo usio na mwalimu ukae nje na kazi ya kuandika chini ya uangalizi wa kiranja.

Chanjo: kwa wote, au kwa wachache?

Kwanza niondoe mkanganyiko. Kwenye kadi ya kliniki mtoto amechanjwa dozi zinazoitwa penta, na ndani yake kuna Hib. Jina refu la Hib lina neno "influenzae", na wazazi waliosoma huniambia kwa uhakika kwamba mtoto wao alishachanjwa homa ya mafua. Hapana. Hib ni bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya homa ya mafua ni nyingine, hutolewa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika, na haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania wala Kenya. Anayeitaka huinunua hospitali binafsi.

Nchi zenye uwezo zimechanja watoto wa shule kwa sababu nzuri: mtoto ndiye anayeibeba homa kutoka darasani hadi kwa bibi. Japani ilichanja wanafunzi wake kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, na ilipolegeza mpango huo vifo vya msimu wa mafua vikapanda, hasa vya wazee. Uingereza ilianza kuwapulizia watoto chanjo ya puani mwaka 2013. Kwa hiyo mjumbe wetu wa kamati alisikia sawasawa.

Lakini mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na kirusi kinachozunguka, inapunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, wiki nne kati yake. Na haigusi virusi vingine vya mafua, ambavyo ni vingi: watafiti wa Kilifi walipowapima watoto wa shule moja ya msingi ya vijijini pwani ya Kenya, kirusi kilichoongoza kilikuwa rhinovirus, kile cha mafua ya kawaida.

Ushauri wangu kwa shule ya fedha kidogo: msichangishe wazazi wote kwa chanjo. Zungumzeni faragha na wazazi wa watoto wenye pumu, selimundu na ugonjwa wa moyo, mwambieni mzazi amuulize daktari wa kliniki ya mtoto wake. Hao ndio homa ya mafua inawapeleka wodini. Mwalimu mjamzito naye aulize kliniki. Shule binafsi ambayo ada yake inaruhusu, hapo jambo ni tofauti, wachanje na watumishi wa jikoni na madereva pia.

Mlipuko ukishaanza: funga shule, au funga darasa?

Mwaka 2009 kirusi kipya cha homa ya mafua, H1N1, kilipotokea, Mexico ilifunga shule zake zote mwezi wa Aprili. Kufunga kunaweza kupunguza kasi, kama kunafanywa mapema sana. Tatizo ni kwamba shule zetu hufikiria kufunga wakati nusu ya watoto wameshaugua, na wengine wameshaambukizwa lakini bado hawajaonyesha dalili. Hapo mnafunga mlango mwizi akiwa ndani.

Gharama yake tumeiona. Uganda ilifunga Machi 2020, na madarasa mengine hayakurudi hadi tarehe 10 Januari 2022. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliofanywa Siaya ulionyesha kwamba wasichana wa sekondari waliokaa nyumbani kipindi cha korona walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata mimba na mara tatu ya kuacha shule, ukilinganisha na waliotangulia. Kwa homa ya mafua ya kila mwaka, sioni sababu ya kulipa bei hiyo.

Wajapani wana desturi ambayo naiona inatufaa zaidi: wanafunga darasa moja. Likishakuwa na wagonjwa wengi, darasa hilo linapumzishwa siku chache, mengine yanaendelea. Sisi hatuwezi kujifungia wenyewe, mwalimu mkuu lazima awasiliane na afisa elimu kata na mganga wa zahanati. Lakini kinachowezekana bila barua ya mtu ni kuhesabu kila asubuhi. Watoto watano wa darasa moja wakikosekana kwa homa ndani ya siku mbili, mwalimu wa darasa aseme siku hiyo hiyo. Daftari la mahudhurio ni kipimo ambacho tayari tunacho.

Shule ya bweni ina hesabu yake

Kutwa, mtoto yuko nasi saa nane. Bwenini, pumzi ni ile ile usiku kucha. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda na njia ya mita 2. Kipimo hicho kinasaidia watoto kukimbia moto ukitokea, na kinasaidia hewa pia. Pasipo na nafasi hiyo, walazeni vichwa vikipishana: huyu kichwa kaskazini, jirani yake kusini. Haigharimu hata shilingi.

Bweni linahitaji kitu kimoja ambacho shule ya kutwa inaweza kukikosa: chumba cha wagonjwa chenye dirisha, vitanda vichache, vyombo vyake, na mtu mmoja wa kukihudumia. Kati ya kununua mapipa ya kunawia na kuandaa chumba hicho, bweni lianze na chumba. Na msimpakie mtoto mwenye homa kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwao safari ya siku nzima. Anaumia yeye, na anawagawia abiria.

Kufuta madawati na vitasa kwa maji ya jiki yaliyochanganywa kwa kipimo ni jambo jema mara moja kwa siku wakati wa mlipuko, lakini halizidi madirisha. Tangawizi na malimau vinatuliza koo. Kumfukiza mtoto kwenye sufuria ya maji yanayochemka hapana, kuungua kupo karibu kuliko nafuu.

Aje shuleni, au abaki nyumbani?

Nimeliacha hili nyuma kwa kuwa ndilo lisilohitaji hela na ndilo tunalolishindwa.

Mtoto mwenye homa abaki nyumbani mpaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Kila mwalimu anamjua mtoto anayepewa paracetamol alfajiri, anafika amechangamka, halafu saa nne homa imerudi, kichwa kiko mezani, na ameshakohoa vipindi vitatu.

Kwa nini mzazi anafanya hivyo? Nimewauliza. Mama mmoja ana kibarua cha kuchuma chai, asipokwenda hapati ujira wa siku. Mwingine anaogopa mtihani wa wiki, kwa sababu jina la aliyekosa linasomwa mstarini. Mwingine alisema kwa upole kwamba shuleni kuna uji. Hakuna mzembe hapo. Na sisi tumeongeza kuni: tunatoa zawadi kwa mtoto ambaye hakukosa hata siku moja mwaka mzima. Tunamsifu kwa kuja akiwa mgonjwa, halafu tunashangaa darasa zima linaumwa.

Wapo wanaopendekeza njia ya katikati, mtoto aje lakini akae nyuma peke yake. Katika chumba kilichojaa, nyuma ni nusu mita kutoka kwa mwenzake, na hewa haina mstari wa mbele na wa nyuma. Isitoshe mtoto anaaibika. Njia hiyo ifae saa mbili za kumsubiri mzazi tu, na asubiri kivulini nje, si ndani.

Kubaki nyumbani nako kuna ukakasi wake. Nyumbani kuna bibi, na pengine kichanga cha chini ya miezi sita, umri ambao hata chanjo ya homa ya mafua haitolewi. Kwa hiyo tunapompa mtoto ruhusa tunamwambia na mlezi: alale peke yake kama nafasi ipo, dirisha lifunguliwe, kikombe chake kiwe chake, bibi asimpangushe kamasi kwa khanga aliyojitanda. Anywe maji na uji kwa wingi. Asipewe aspirini, kwa mtoto mwenye homa ya mafua inaweza kudhuru ini na ubongo. Antibayotiki haziui kirusi, kwa hiyo zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Akianza kupumua kwa haraka, mbavu zikididimia, midomo ikigeuka rangi, akishindwa kunywa, akipata degedege, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, aende kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Mwenye pumu au selimundu aende mapema zaidi, siku ya kwanza ya homa.

Na upande wetu, ili ruhusa iwe ruhusa: mtihani wa wiki urudiwe Ijumaa inayofuata bila maswali, jirani wa dawati amwandikie muhtasari, ujumbe wa simu wa mzazi utoshe badala ya cheti cha daktari, kwa kuwa cheti kinamlazimisha mama kupanga foleni nusu siku na mtoto mgonjwa. Hata tukifanya yote haya hatutamzuia kila mmoja, maana mtoto huambukiza siku moja kabla ya kujijua. Ndiyo sababu dirisha na sabuni zinabaki.

Mwaka huu kamati yetu imekubali kuiondoa zawadi ya mahudhurio kamili. Fedha iliyokuwa ya zawadi imenunua sabuni ya unga ya muhula mzima, misumari, na kamba za vibuyu kumi na viwili, kimoja kwa kila mlango wa darasa na kimoja jikoni. Vitakasa mikono tumenunua chupa mbili: moja iko darasa la awali, nyingine kwa mwalimu wa zamu.